Mzigo Kwanza, Motokaa Baadaye

Mwenye kufika Mpanda kwa njia ya Tabora siku hizi hafiki hoi kama walivyokuwa wakifika wazee wetu. Lami imetandikwa kupitia Koga, zaidi ya kilomita 300, na msafiri aliyeondoka Tabora asubuhi huingia Mpanda jua lingali juu. Zamani njia ya kutegemewa ilikuwa reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950, wala halikujengwa kwa ajili ya abiria, bali kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi yaliyokuwa karibu na mji. Machimbo yale yalifungwa, reli ikabaki, na watu wakaitafuta riziki yao katika mpunga, tumbaku, asali na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Tangu mwaka 2012 mji huu ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa.

Sisi na mwenzetu wa nyumbani tulikwenda huko mwishoni mwa Mei kumzuru dada yetu aliyeolewa Mpanda. Tulimkuta shemeji yetu katika furaha na wasiwasi pamoja. Furaha, kwa kuwa misimu mitatu ya mpunga wa Mpimbwe ilikuwa imemwendea vyema, naye alikuwa ameweka akiba ya kununua motokaa iliyokwisha tumika. Wasiwasi, kwa kuwa hajapata kumiliki motokaa maishani mwake, na kila aliyemwuliza alimpa jibu lake. Aidha alikuwa ametoa ahadi. Watoto wake watatu, waliozaliwa na kukulia mwendo usiotimia saa moja kutoka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, walikuwa hawajaiona kambi ya hifadhi hata siku moja. Akawaahidi kwamba shule zikifungwa mwezi wa Juni nyumba nzima itakwenda kulala hemani, bibi yao akiwamo. "Nyumba nzima" ndivyo alivyosema, na neno hilo ndilo lililokuja kumhukumu baadaye.

Motokaa aliyokuwa ameipenda ilisimama katika uwanja wa dalali mmoja mjini. Ilikuwa ndefu, ya chesi, yenye viti saba, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Bei yake iliipita akiba ya shemeji kwa kiasi kikubwa, na dalali alikwisha mwelekeza mahali pa kupata mkopo wa riba wa kujazia. Shemeji aliitazama motokaa ile kama kijana anavyomtazama mchumba, nasi tuliona wazi kwamba kumwambia "usinunue" hakutafaa kitu. Mtu aliyependa hakatazwi kwa maneno. Tukamwambia hivi: "Shemeji, kesho tukaijaribu kwa mzigo. Ulete vitu vyote utakavyokwenda navyo Katavi, na watu wote utakaokwenda nao."

Usiku ule nyumba iligeuka ghala. Vilitolewa hema mbili za kuazima, mikeka, mablanketi na magodoro membamba, vyandarua, mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, sufuria, birika la kutawadhia, kandili, kamba, jembe dogo, sanduku la dawa, mchele, unga, maharage, mafuta, na madumu matatu ya maji ya lita 20. Kwa kuwa shemeji ni mtu wa mpunga, mizani ilikuwapo barazani, na mwenzetu alishauri kila kitu kipimwe. Maji yalikuwa kilo 60. Hema kilo 11. Malazi 14, gesi na jiko 14, vyombo 8, vyakula 17, na vikorokoro vilivyobaki 6. Jumla ilikuwa kilo 130. Kisha watoto, kwa vicheko vingi, wakawapandisha watu mizanini: shemeji 78, dada 70, mama yake shemeji 62, na watoto 48, 36 na 26. Jumla yao kilo 320.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Motokaa nyingi zinazoletwa kwetu zikiwa zimetumika hutoka Japani, na huko uzito wa mwisho ulioandikiwa motokaa ya abiria hupatikana kwa kuchukua uzito wake ikiwa tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Uzito huo wa tupu na wa mwisho huandikwa katika cheti cha Kijapani kinachofuatana na motokaa inaposafirishwa. Basi motokaa ya viti saba imeandikiwa kilo 385, na ya viti nane kilo 440, watu na mizigo pamoja. Ondoa kilo 320 za nyumba ya shemeji: katika ile nyeusi zinabaki kilo 65 tu, na mzigo wake ni 130, mara mbili kamili. Hatusemi kwamba motokaa yenye chesi nene itakatika kwa ziada hiyo. Sote tumeona yanayopakiwa barabarani. Twasema kwamba breki, springi na tairi huulipa mzigo uliozidi, na tairi lililokwisha zeeka hulipa ghafula.

Asubuhi mkokoteni ukatangulia na mizigo, nasi tukafuata. Dalali alipoona mahema na masufuria yanashushwa uwanjani kwake alidhani tunahamia hapo. Tukaanza kupakia. Viti vya nyuma kabisa vilipoinuliwa ili watu wakae, nafasi iliyobaki kati ya viti hivyo na mlango wa nyuma ilitosha sufuria mbili na birika, na mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti. Viti vilipolazwa, mizigo iliingia yote kwa raha. Lakini sasa mahali pa watu palikuwa patano tu, na watu ni sita. Viti saba na buti kubwa, vyote viwili vilivyosifiwa katika tangazo, vilikuwa mahali pamoja pamoja: ukikipata kimoja umekikosa cha pili. Dalali akasema vilivyobaki vitapanda juu kwenye keria. Tukamwuliza, na maji nayo? Mzigo mzito ukiwekwa juu ya paa huifanya motokaa ndefu iyumbe katika kona, na mwisho wa kuyumba ni kulala ubavu. Juu ya paa ni mahali pa mikeka na hema. Maji na gesi huwekwa chini, yakiegemea migongo ya viti na kufungwa kwa kamba, yasije yakawarukia watu breki zinapokamatwa.

Lakini mzigo haukuwa ndio uliokata shauri. Aliyekata shauri ni mama.

Mama wa shemeji ni mtu mzima, na goti lake la kushoto halikunji vizuri. Ili afike kiti cha nyuma kabisa ilipasa kiti cha kati kilazwe, naye apande ngazi ya juu, ainame, apite ubavuni. Alijaribu mara ya kwanza, akashika mlango, akashindwa. Mara ya pili mjukuu wake mkubwa alimsukuma kidogo kwa nyuma, naye akashuka upesi akijiweka sawa kanga yake, kwa kuwa vijana wa uwanjani walikuwa wakitazama. Akasema kwa upole, "Mwanangu, motokaa nzuri. Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki niangalie kuku." Shemeji hakujibu. Dada yetu akamshika mama mkono, wakaenda kukaa chini ya mwembe. Nasi tuliona uso wa shemeji ukibadilika, maana tangu kuanza kuweka akiba alikuwa akisema kwamba motokaa ile ni ya kumpeleka mama hospitali.

Hata hivyo tulimaliza kazi tuliyoijia, kwa kuwa tulikuwa tumekwenda na fundi wetu wenyewe. Fundi wa muuzaji si fundi wako; hili wasomaji walishike. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya jambo lolote, akakuta injini ina joto. Motokaa iliyowashwa kabla hujafika huenda inafichwa namna inavyowaka ikiwa baridi. Akasubiri ipoe hadi baada ya adhuhuri. Ilipowashwa ilitoa moshi wa buluu, na moshi wa namna hiyo ni oili inayoungua ndani ya injini. Giaboksi ilipoingizwa mwendo ilikawia kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha ikashtuka. Ubavuni mwa kila tairi zipo tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa. Tairi zile zilikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu zake zilionyesha zimepita miaka tisa. Na saa ya kilomita ilionyesha pungufu kuliko ilivyoandikwa katika cheti cha Kijapani miaka kadhaa kabla. Motokaa haitembei kinyumenyume mpaka ikapunguza umri wake.

Dalali aliulizwa kama alijua. Akasema yeye ni mtu wa kati tu. Sote tumefundishwa habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini ina unyevu, na namna alivyomkemea mwenye kuficha. Wanazuoni wameweka khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu kwa kasoro iliyofichwa. Lakini haki hiyo ni taabu kuidai kwa mtu aliyekwisha hama uwanja. Ni nyepesi zaidi kuingiza mkono chini ya nafaka kabla ya kulipa.

Shemeji alikuwa na huzuni siku mbili. Sisi tukarudi Tabora.

Juma moja baadaye alitupigia simu. Mwalimu mmoja wa Mpanda aliyekuwa anahamishiwa mkoa mwingine alikuwa anauza Toyota Noah, rangi ya fedha, viti nane, namba D. Shemeji alieleza habari yake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwa kuwa Noah haina heshima ya ile nyeusi. Lakini mwalimu, kabla hajaulizwa, alikuwa ameandika kasoro katika karatasi: kiyoyozi hakipoozi, bushi za mbele zimekwisha, na taa moja ya nyuma ina ufa. Karatasi ya kasoro iliyoandikwa na muuzaji mwenyewe ni bora kuliko rangi mpya. Fundi alipoikagua hakuongeza ila rejeta kusafishwa. Namba ya chesi ililingana na ya kadi, jina katika kadi lilikuwa la mwalimu mwenyewe, na namba ya motokaa ilipoangaliwa haikuwa na faini ya barabarani isiyolipwa.

Mizigo ikapelekwa tena kwa mkokoteni. Noah ya aina ile ina viti vya nyuma vilivyogawanyika sehemu mbili, kila sehemu hukunjwa na kufungwa ubavuni. Sehemu moja ikakunjwa. Upande huo mizigo ikapangwa toka sakafuni hadi karibu na dari, na upande wa pili akakaa mtoto mkubwa, anayependa kuwa peke yake. Watoto wawili na bibi yao wakakaa katikati. Mlango wa kusukuma ulifunguka wote, sakafu i karibu na ardhi, na mama aliingia kwa mguu mmoja kisha wa pili, akaketi, akasema, "Sasa kuku wataangaliwa na nani?"

Kwa hesabu ya kilo, zilibaki 120 na mzigo ulikuwa 130. Dumu moja la maji likaachwa, kwa sababu Sitalike maji hupatikana, zikawa 110. Bei ilikuwa chini ya akiba. Fedha iliyobaki ilitosha tairi nne mpya, bushi, kiyoyozi, bima na keria, wala riba haikuguswa.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini fedha ilitupwa katika kiyoyozi, kitu cha anasa. Katavi si anasa. Katika miombo ile wamo mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, nao huifuata motokaa inayotembea kama wanavyomfuata mnyama. Aliyefungua kioo ameumwa, na aliyefunga kioo bila kiyoyozi ameiva. Tena mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ile motokaa nyeusi, pamoja na aibu zake nyingine, ingekuwa mtego unaotembea. Nguo pia zichaguliwe kwa hesabu hiyo: vaeni rangi ya khaki au nyingine iliyofifia.

Ipo kasoro moja ya Noah ambayo hatutaificha, tusije tukawa kama dalali. Tumbo lake li karibu na ardhi, na nyingi kati yake huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Njia za ndani ya Katavi, zile za kuzunguka mbuga, hupita katika udongo mweusi ambao mvua za Novemba hadi Aprili huugeuza ulimbo. Hata kiangazi zipo kingo na mashimo yasiyoitaka motokaa ya chini. Wengi husema, basi anunuliwe mnyama wa magurudumu manne. Rai yetu ni nyingine. Shemeji ataingia mbugani siku mbili au tatu katika mwaka. Siku zilizobaki ni shule, mashine ya mpunga, sokoni, misikitini na hospitali. Kwa siku hizo mbili akodi motokaa ndefu yenye dereva anayezijua njia, na ya kwake ailaze kambini. Ndivyo ilivyofanyika.

Walikwenda mwishoni mwa Juni. Sisi tuliotoka Tabora kwa siku tatu tu tuliifuata safari kwa basi la kwenda Sumbawanga, maana hatukuwamo katika hesabu ya kilo wala hatukutaka kuiharibu. Sitalike ni kijiji kilicho kusini ya Mpanda, kiasi cha kilomita 35, ukingoni mwa hifadhi, na Mto Katuma wapita hapo. Viboko hukaa mtoni karibu na daraja, nao hawaogopi kutazamwa. Kambi iliwekwa mbali na njia yao ya kupandia, kwa maelekezo ya wenyeji, kwa kuwa kiboko hutoka usiku kwenda kula majani na hapendi kukuta hema katika barabara yake. Vyakula vilirudishwa ndani ya motokaa kabla ya kulala, na watoto waliambiwa kwamba baada ya isha hakuna mtu kutoka hemani bila mtu mzima na tochi.

Palizuka mjadala mdogo wa sala. Sisi, kwa kuwa tumetoka mbali, tulikuwa na ruhusa ya kupunguza. Shemeji, aliyetoka mwendo wa nusu saa na ushei, hakuwa nayo. Watoto walitaka kujua kwa nini kambi moja ina sala za namna mbili. Shemeji akawa imamu, nasi tukasali nyuma yake sala kamili, mjadala ukaisha. Maji ya kutawadhia yalipimwa kwa birika moja kwa mtu, na yakatosha.

Siku ya pili motokaa ya kukodi ilituingiza ndani. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974 na ukubwa wake wa sasa ni kilomita za mraba 4,471; jina lake huhusishwa na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya kale ambaye wenyeji walikuwa wakimwekea matambiko chini ya mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Sisi tuliutazama mkwaju kama mkwaju. Nyika iliyo pembeni mwa ziwa ilikuwa na nyati wengi kiasi cha watoto kuacha kuhesabu. Kwa kuwa ilikuwa Juni, mto ulikuwa bado na maji. Anayetaka kuona viboko wamebanana katika matope kama magunia ghalani, na mamba waliojificha katika mapango ya kingo za Katuma, aende Septemba au Oktoba. Mama alikaa kiti cha mbele pembeni ya dereva, kioo kimefungwa, akiuliza jina la kila ndege, na dereva alijibu yote, tusijue kwa ukweli au kwa adabu.

Usiku wa mwisho viboko walinguruma mpaka karibu na alfajiri, na mtoto mdogo akahamia kulala ndani ya Noah, juu ya kiti cha kati kilicholazwa. Asubuhi wakati wa kupakia iligunduliwa kwamba skurubu moja ya keria imelegea, shemeji akaikaza kwa spana aliyoazima. Mizigo ilirudi upande wake ule ule, ikiwa nyepesi kwa maji na mchele uliokwisha liwa. Mama alipokwisha kaa mahali pake aliuliza Karema, kule ziwani Tanganyika, ni mwendo gani kutoka Mpanda. Shemeji akasema ni zaidi ya kilomita 100, kisha akatoa karatasi mfukoni, akaanza kuandika madumu.